Mbuzi wa Korti

Mimi si mtu wa hasira. Watu wa Witeithie watakwambia ninazo, lakini hao ni watu wa maneno mengi. Ninachojua ni kwamba mtu akikuibia mbuzi watatu kwa mpigo, na mbuzi wenyewe ni wa kumwolea mwanao mke, una haki ya kupaza sauti hata kortini.

Mwanangu ni mmoja tu, Mwanzia, anafanya kazi kiwandani Thika. Amekaa na Mutheu miaka miwili, na wakati wa kesi hii Mutheu alikuwa na mimba ya miezi minane. Kwetu Wakamba, mwanamke hajawa mke mpaka mbuzi watatu wa ntheo wafike kwa babake. Wasipofika, mtoto akizaliwa ni wa ukoo wa mamake, na jina wanampa wao. Daktari alikuwa ameangalia kwa mashine akasema ni msichana. Msichana wa kwanza wa Mwanzia anafaa kuitwa Ndanu, jina langu mimi nyanyake. Lakini mzee Kyengo, babake Mutheu, alikuwa amemrudisha bintiye nyumbani Kilimambogo, akaapa kwamba hatatoka huko mpaka mbuzi waingie. Basi ona nilivyobanwa.

Mbuzi hao niliwanunua mmoja mmoja kwa miaka mitatu, kwa kuwafulia wanafunzi nguo kule Juja. Niliwalisha maganda ya viazi mpaka wakanenepa. Asubuhi moja nikakuta banda tupu, na kwenye waya wangu wa kuanikia nguo imening'inia aproni yenye jina la bucha moja ya Ruiru. Mwizi aliivua isichafuke, halafu akaisahau! Mwenye bucha alipoiona alicheka mpaka akakaa chini, kisha akampeleka polisi mfanyakazi wake mwenyewe. Anaitwa Calvince, kijana wa miaka ishirini na minne, mrefu, mpole wa kuudhi. Mbuzi alikuwa ameshawachinja na kuwauzia wanafunzi wa Juja waliokuwa na sherehe. Nikakumbuka wiki ile nilivyosugua mashati yenye mafuta yasiyotoka, nikilalamika. Huenda nilikuwa nasugua mbuzi wangu mwenyewe.

Kortini Thika hakubisha. "Ni ukweli, Mheshimiwa," alisema. "Landlord alikuwa amefunga nyumba kwa deni la rent. Nilikosea."

Hakimu, mama mmoja mwenye miwani, alimpa kifungo cha nje cha mwaka mmoja na kuamuru anilipe fidia. Akaniuliza kama nataka pesa au mbuzi.

"Mbuzi," nikasema. "Mheshimiwa, ukinipa pesa leo, kesho zimeenda kwa unga. Mbuzi haendi kwa unga."

Watu wakacheka, hata karani. Hakimu akaamuru mbuzi watatu, mmoja wao beberu, ndani ya siku thelathini, wapelekwe mahali nitakapoelekeza mimi mlalamishi.

Tulipotoka nje, yule kijana akanifuata kwenye veranda pamoja na Bi Aketch, afisa wa probesheni. "Mathe, pole sana," akasema. "Sasa niwalete kwako siku gani?"

"Kwangu? Ukikanyaga Witeithie tena nitakuvunja miguu! Hao mbuzi ni wa mzee Kyengo wa Kilimambogo. Huko ndiko walikuwa wanaenda kabla ujilete na aproni yako!"

"Sawa, mathe," akajibu, kwa upole uleule. Bi Aketch akaandika kitu kwenye faili. Ningejua anachoandika, ningemnyang'anya kalamu.

Jumamosi ya tatu baada ya hapo nilikuwa Juja, mikono imo kwenye povu, simu ikalia. Ilikuwa sauti ya mzee Kyengo.

"Mama Mwanzia, mbuzi wa ntheo wamefika."

"Wamefika? Mwanzia yuko kazini!"

"Ndiyo nakuuliza. Wameletwa na kijana mrefu. Wanawake wamempigia vigelegele, amekunywa uji, ndipo nikamuuliza ametumwa na nani. Unajua amesema nini? Ametumwa na korti! Kwani Mutheu anaolewa na korti? Njoo haraka!"

Nilimwacha mwenye nguo na nguo zake. Nilimpigia Mwanzia, akaomba ruhusa kiwandani, tukakutana Thika na kupanda pikipiki moja mpaka Kilimambogo. Njia nzima alinipa mgongo, kwa sababu nilikuwa nimemweleza nilichosema kule kwenye veranda. Pale kwenye matuta alisema tu, "Mami, mdomo wako!" Na ni kweli.

Tukawakuta uani kwa Kyengo. Mbuzi watatu wamefungwa kwenye nguzo, wasafi ajabu. Calvince ameketi kwenye kiti cha wageni, shati jeupe limeshikana na jasho, viatu vyekundu kwa vumbi. Shangazi zake Mutheu wamejipanga ukutani. Mutheu mwenyewe amesimama kwenye mlango wa jikoni, mkono juu ya tumbo, macho yamevimba kwa kulia.

"Mzee," nikaanza, "hili ni kosa dogo tu. Tutawatoa mbuzi mpaka nje ya geti, Mwanzia awashike kamba, awaingize upya."

Kyengo akaruka. "Watolewe? Mbuzi wa ntheo wakitolewa kwa geti hiyo ni ulee! Ni kurudisha mke! Mnataka kumwacha binti yangu kabla hajaolewa?"

Shangazi wakaguna kwa pamoja. Nilijua hapo mzee ana haki. Kwetu ndoa huvunjwa kwa mbuzi kurudishwa, na hakuna mzazi atakayekubali jambo hilo lifanyike uani kwake hata kwa mzaha.

"Basi wabaki," akasema Mwanzia.

"Wakibaki, wameletwa na nani? Anayeleta mbuzi ndiye anayeoa, au ni mtu wa nyumba ya anayeoa. Huyu si wenu. Basi yeye ndiye ameoa!"

Calvince akasimama, akamwaga uji. "Mzee, hapana! Mimi sitaki bibi! Yaani... si ati ni mbaya..." Akamtazama Mutheu, akamtazama Mwanzia, akaketi tena. Shangazi mmoja alijifunika uso kwa leso, mabega yakitikisika kwa kicheko.

Mimi sikucheka. Nilimwona Ndanu mdogo akiitwa jina lingine, akikulia kwenye ukoo mwingine, na mimi nikienda kumsalimia kama mgeni. Na yote kwa ajili ya mdomo wangu.

"Hawa mbuzi umewaleta na nini?" nikamuuliza yule kijana, kwa ukali, maana sikujua jinsi nyingine ya kumuuliza.

"Kwa miguu, mathe. Kutoka Thika. Pickup ilikuwa bei."

"Na mbona ni wasafi?"

"Niliwaosha na sabuni. Niliskia ni mambo ya harusi." Akakuna shingo. "Nimekuwa nikichinja slaughterhouse kila alfajiri ndio niwapate. Huyu beberu ni mzuri, mathe. Mimi najua mbuzi."

Nikamwangalia beberu. Kusema ukweli, alikuwa mzuri kuliko wangu. Viganja vya kijana vilikuwa vimechubuka kwa kamba. Nikajikuta namhurumia, na nikamkasirikia kwa kunifanya nimhurumie.

Kyengo akapiga fimbo yake chini. "Mama Mwanzia, nakuuliza mara moja, mbele ya watu. Huyu ni nani wako?"

Miezi miwili nilikuwa nimemwita mwizi, kwa majirani, kwa polisi, kanisani, na neno lenyewe lilikuwa tamu mdomoni. Nilijua nikishasema lile lingine, sitaweza kumwita mwizi tena maisha yangu yote.

"Ni mwanangu," nikasema. "Nilimtuma mimi."

Calvince aligeuka nyuma kuona ni nani anayesemwa.

"Mwanao?" Kyengo akampima kutoka viatuni hadi utosini, na kutoka utosini hadi viatuni. "Na huu urefu?"

"Nilizaa mrefu. Kuna ubaya?"

"Jina lake?"

"Calvince."

"Calvince wa nani?"

"Calvince wa Ndanu. Na akikosea tena nitamchapa mwenyewe, korti isisumbuke."

Mzee alijaribu kukaza uso lakini mdomo ukamshinda, akaangua kicheko mpaka akakohoa. Mutheu ndiye aliyeanza vigelegele, na tumbo lake lile, shangazi wakapokea. Mwanzia alimwendea Calvince, akasimama mbele yake, nikaogopa. Kisha akampa mkono. "Bro," akamwambia, "beberu ni wa kuchinjwa leo, na mimi sijui kuchinja." Calvince akakunja mikono ya shati. Safari hii mama mmoja alimpa aproni, nikamwambia asiisahau.

Mutheu alirudi nasi Witeithie, na Ndanu mdogo akazaliwa huko baada ya siku kumi na moja, na sauti kubwa. Wanasema amerithi.

Siku zile thelathini zilipokwisha, Ndanu akikaribia wiki mbili, tulirudi kortini. Hakimu akasoma ripoti ya Bi Aketch, akainua miwani. "Mlalamishi, umepokea mbuzi wako watatu?"

"Nimepokea, Mheshimiwa. Wazuri kuliko wa kwanza."

"Basi fidia imelipwa yote. Una dai lingine lolote juu ya mshtakiwa?"

"Ninalo."

Calvince akashika kizimba kwa mikono miwili. Bi Aketch akaacha kuandika.

"Mheshimiwa," nikasema, "mtoto amezaliwa Witeithie. Majirani wote wamekuja kumwona, na wiki ya pili inaisha. Huyu mwanangu hajakanyaga kwangu hata siku moja. Ati nilimwambia nitamvunja miguu."