Basi Lilipoacha Kupanda Kivuko

Abiria walipiga vigelegele basi lilipoingia darajani. Mama mmoja wa kiti cha mbele alifungua dirisha akalipungia ziwa mkono, kama anayemuaga mgeni aliyekaa mno. Mimi, nikiwa kwenye usukani, nilikaza macho barabarani. Kule chini, upande wa Busisi, kulikuwa na mtu ambaye sikutaka kumwona akiwa mdogo kama punje.

Kabla ya daraja, basi letu la Mwanza kwenda Bukoba lilivuka kwa kivuko kutoka Kigongo hadi Busisi, ng'ambo ya ziwa. Abiria walishuka, wakaingia kwa miguu. Mimi niliingiza basi tupu. Humo kivukoni ndimo Sabina wa Busisi alimouzia abiria vitumbua.

Mke wangu, Rose, alikuwa amefariki. Binti yetu, Sharon, ameolewa Dodoma, na nyumba yangu ya Kiseke, Mwanza, ilikuwa imezoea ukimya kuliko mimi. Kila safari Sabina alikuja kusimama kwenye kivuli cha basi, karibu na tairi la mbele, akanipa kitumbua, tukaongea mpaka kivuko kikatia nanga. Alinisimulia vituko vya mama yake, anayekataa uji usiokamuliwa ndimu. Safari moja alinitazama akacheka. "Baba Sharon, leo umenyoa vibaya." Njia nzima hadi Bukoba nikawa najichungulia kwenye kioo.

Daraja lilipofunguliwa, siku yangu ya kwanza ya mapumziko nilipanda basi kama abiria mwingine, nikashuka Busisi na kuulizia kwake. Nilimkuta uani na mama yake, wanafunga masufuria ndani ya kanga.

"Wateja wameisha," akasema. "Tunarudi Ukerewe kwa kaka yangu."

Nilimgeukia mama yake. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye dereva?"

"Ndiye mimi. Nataka kumuoa Sabina, mama. Njooni Kiseke, wote wawili. Nyumba ipo."

Mama alimtazama binti yake, akaendelea kukunja kanga.

Sabina alinisindikiza hadi barabarani. Hapo akasimama.

"Leo utalala Kiseke, kesho Bukoba. Mimi nitakuwa nautazama mlango."

"Nitaacha basi."

"Uje ukae kutwa unitazame nikikaanga vitumbua? Utanichukia kabla ya masika." Alinyoosha mkono, akaniweka sawa kola ya shati. "Lakini ulikuwa unanifurahisha, Bagenda."

Hakuwahi kuniita kwa jina langu kabla ya hapo.

Basi la Mwanza likaja, nikapanda. Nilitaka kumwangalia, ila kiti pekee kilichokuwa wazi kilikuwa upande wa pili, na katikati yetu walisimama watu waliokuwa wakipiga picha za daraja. Walipokaa, tulikuwa tumeshaiacha Busisi.

Siku hizi naipita njia hiyo kwa dakika chache tu. Wiki iliyopita mwalimu mmoja, mgeni wa huku, alikaa nyuma yangu. Tulipofika katikati ya daraja aliniuliza kama ni kweli kwamba zamani madereva walikaa pale chini saa nyingi wakingoja kivuko.

"Kweli," nikasema. "Kuna siku jua lilituwakia mpaka adhuhuri."

"Poleni sana," akasema, kwa moyo wake wote.

Nikamshukuru, nikaongeza mwendo.