Swali la Sista Ilwad Mbele ya Wakwe

Siku ile Kiprugut aliposhikwa na kifua, wagonjwa katika chumba cha dharura walikuwa saba, na wageni wa Kiprugut peke yake walikuwa kumi na mmoja. Mlangoni palikuwa na karatasi ya kusema mgonjwa mmoja, mgeni mmoja. Wageni waliitazama, wakasema ni sheria nzuri, wakapita.

Jelagat, mama yake, ndiye aliyewaita. Alikuwa na simu mkononi tangu alfajiri, akampigia kila mtu mwenye namba, maana hofu ikimpata hawezi kukaa nayo peke yake. Baba yake Kiprugut alikufa hivyo hivyo, akishika kifua, akisema ni gesi. Sasa kijana naye, miaka thelathini na tisa, dereva wa trela anayeshinda Salgaa, kituo cha malori, akila nyama na kukaa, alikuwa kitandani, jasho linamtoka, anasema ni kama mtu mzito amemkalia kifuani.

Katika wale kumi na mmoja mkubwa alikuwa Mzee Kipchirchir, baba yake Cherop, yaani baba mkwe wa mgonjwa. Alikuwa amekuja kutoka Subukia na koti na kofia, kwa sababu yeye ni mwenyekiti wa chama cha wakulima wa kahawa, na mwenyekiti haendi hospitali kama mtu wa hivi hivi. Alisimama upande wa kichwa cha mgonjwa, mahali ambapo daktari angesimama.

Muuguzi aliingia, msichana mwembamba wa hijabu ya bluu, wanamwita Sista Ilwad. Alikuwa na chupa ndogo ya dawa na mashine ya kuendesha dripu.

"Naomba mtoke kidogo niongee na mgonjwa."

"Ongea tu, sista," akasema Mzee Kipchirchir. "Sisi ni familia. Hapa hakuna siri."

Ilwad akawaangalia wote, akaangalia saa, akaona mgonjwa hana wakati wa kupoteza. "Hii ni dawa ya kufungua mishipa ya moyo. Inaingia kwa mshipa wa mkono, pole pole, na mashine ndiyo inaipima. Lakini inashusha presha. Kiprugut, kuna dawa yoyote mwili wako hukataa?"

"Hakuna," akajibu Mzee Kipchirchir.

"Kuna dawa unakunywa kila siku?"

"Huyo? Hata panado ukimpa anatema," akajibu shangazi mmoja.

"Unavuta sigara?"

"Ni mtu wa kanisa," akajibu shemasi wa kanisa lao. Kiprugut akakohoa.

"Kwa hizi siku mbili tatu, umetumia kitu chochote cha nguvu za kiume?"

Watu wakaangaliana. Halafu shangazi akaficha mdomo kwa leso, na wengine wakaanza kucheka chini chini.

"Sista, nakuheshimu," akasema mwenyekiti, "lakini hapa kuna wakwe. Huyu ni dume. Hilo swali peleka kwa wazee wanaooa wasichana."

"Hapana, sista," akasema Kiprugut mwenyewe, kwa sauti ndogo. "Sijawahi."

Na alikuwa anasema ukweli wake wote.

Mtu mmoja tu hakucheka. Jelagat alisogea, akauliza kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka kununua, "Na kwa nini mnauliza hivyo?"

"Kwa sababu zikikutana na hii yangu, mathe, presha inaanguka mpaka moyo wenyewe unakosa damu. Hata za mitishamba. Watu wanasaga vidonge wanachanganya humo ndani, halafu wanaandika ni miti tu."

Sasa ninyi mlio mama mnisikilize vizuri. Kiprugut na Cherop walikuwa wamekaa miaka minne kwa ndoa bila mtoto. Krismasi iliyopita, huko Subukia, baada ya watu kushiba, Jelagat alisimama mbele ya wakwe akawaambia wamwangalie msichana wao vizuri, maana upande wake yeye hakuna kasoro. Alisema kwa sauti, na alipigiwa makofi na watu wa upande wake. Kisha akarudi nyumbani kwake mtaa wa Rhonda, akakosa usingizi, akijiuliza, je, kama kasoro iko?

Jirani yake, Akoth, anauza viatu vya mitumba, na chini ya viatu anauza vitu vingine. Alimpa paketi zenye picha ya nyati. "Kahawa ya wanaume, Mama Kip. Ni miti, haina kemikali. Hata pasta wetu anakunywa na amenona." Paketi ilisema moja kwa siku. Jelagat aliweka mbili kwa kikombe kimoja, kwa sababu hajawahi kumpimia mtoto wake kitu kwa kipimo cha mtu mwingine. Juzi jioni, Kiprugut alipopita kumsalimu, mbili. Jana jioni mbili. Kiprugut alikunywa akasema, "Mama, leo kahawa imekuja na nguvu," akaongezwa sukari.

Kwa hivyo pale kando ya kitanda Jelagat alijua. Lakini alijua pia kwamba akifungua mdomo, Mzee Kipchirchir atarudi Subukia na habari, na hiyo kasoro iliyopelekwa Krismasi kwa wenyewe itarudishwa na usafiri juu. Akajiambia, ile ni kahawa. Sista ameuliza dawa, hajauliza kahawa. Akakaa kimya.

Ilwad aliunganisha mashine, akaanza na kipimo kidogo kabisa, akaweka kitambaa cha presha kwenye mkono wa pili, kikawa kinajikaza kila dakika tano. Shemasi akaanza maombi. Presha ilikuwa mia moja thelathini na nane. Ikapimwa tena, mia na nne. Ilwad akakunja uso, akasogea karibu, akaminya mashine ipime tena papo hapo. Themanini na mbili.

"Kichwa," akasema Kiprugut. "Naona giza." Macho yakajifunga.

"Ameni," akasema shemasi. "Amepata usingizi. Dawa imefanya kazi."

"Dawa ya mzungu ni nyingine," akasema mwenyekiti, akaridhika kama ni yeye ameiagiza.

Lakini Jelagat alikuwa ameangalia midomo. Ilikuwa na rangi ya majivu, rangi ile ya baba yake Kiprugut siku ya gesi. Maneno yakamtoka kabla hajayapanga.

"Sista, zima! Nilimpa kahawa!"

Ilwad alikuwa tayari amezima. Aliinua miguu ya mgonjwa juu ya mito, akafungua chupa ya maji ya chumvi, akaita daktari, yote bila kugeuza kichwa. "Kahawa gani?"

"Ya wanaume! Ya nyati! Paketi mbili jana jioni na mbili juzi! Yeye hajui, ni mimi!"

"Mama Kiprugut," akasema Mzee Kipchirchir, ameumia kweli, "kahawa haijawahi kuangusha mtu. Mimi ni mwenyekiti. Nina miaka ishirini na mbili kwa kahawa. Maneno kama hayo yakifika sokoni..."

"Wewe mzee, toka nje!" Jelagat akamfokea mkwe wake, mbele ya watu, kitu ambacho hakuna mtu wa kwao amewahi kusikia. "Tokeni wote! Mwacheni huyu msichana afanye kazi!"

Wakatoka, wamebanana mlangoni.

Huko nje, kwenye benchi, Cherop, mke wa Kiprugut, aliyekosa nafasi ndani, alikuwa analia; kelele za kahawa zilikuwa zimemfikia. Alimgeukia mama mkwe wake. "Mama, kwa nini?"

"Nilitaka mjukuu," akasema Jelagat. "Miaka minne, mwanangu."

Cherop akakunja mkono wa blauzi, akamshika kidole, akakiweka kwenye ngozi. Ndani palikuwa na kitu chembamba, kigumu. "Hiki ni kijiti cha kupanga uzazi. Tulikubaliana mimi na Kip tungoje nimalize chuo cha ualimu. Hata ungempa gunia la hiyo kahawa, Mama, mtoto angepitia wapi?"

Jelagat akaondoa kidole. Mzee Kipchirchir alikuwa anaisoma karatasi ya mlangoni, mstari kwa mstari, mpaka chini.

Zilipita saa mbili ambazo Jelagat hataki kuzikumbuka. Ndipo Ilwad akatoka, hijabu imelegea.

"Presha imepanda. Moyo tunautibu na dawa zingine; ile ya kwanza hapati mpaka siku mbili ziishe." Akakaa kando yake kidogo. "Lakini mathe, ungenivuta tu pembeni. Ungeniambia kwa sikio. Hakuna mtu hapa angejua."

Hilo ndilo lililomchoma kuliko yote, na ndilo ninataka ulishike wewe mama unayesoma. Muuguzi akiuliza, hataki kukuaibisha. Sema kila kilichoingia tumboni, kiwe cha duka, cha jirani au cha porini. Na kama kuna masikio mengi, mvute pembeni.

Jelagat aliruhusiwa kuingia alasiri, peke yake. Kiprugut alikuwa amechoka, lakini midomo ilikuwa na damu. Mama yake akamweleza yote, tangu viatu vya Akoth mpaka kijiti. Kijana akaangalia dari.

"Nani alisikia ukisema?"

"Wote."

"Na baba mkwe?"

"Yeye nilimfukuza."

Kiprugut akafunga macho. "Mama. Huyo ameshapiga simu. Kesho Salgaa yote itasema natumia vitu. Madereva watanitafutia jina mpaka nizeeke."

"Acha wakutafutie," akasema Jelagat, akamvutia blanketi mpaka kidevuni. "Mradi wakikuita, unaitika."