Mkono wa Shemeji

Asubuhi ambayo mtunza bustani alikatika mkono, nyasi zilikuwa zimeloa na mashine ya kukatia ilikuwa ikikwama kila baada ya hatua chache. Aliachia mpini, akainama, akatia mkono chini kuzitoa. Kisu kilipaswa kusimama. Hakikusimama, kwa sababu msimamizi, kaka wa mkewe, alikuwa ameifunga breki kwa waya ili kazi isichelewe.

Hospitali walishona kilichobaki. Mkono wenyewe haukupatikana.

Jumatatu msimamizi aliukuta mlangoni mwa stoo, umesimama kwa vidole, unasubiri afungue. Ukachukua mkasi, ukaenda kwenye maua. Ulikata vizuri kama zamani, ila ngazi uliiogopa.

Mwenye kampuni aliutazama kidogo. "Angalau huu hauombi ruhusa," akasema, akaingia garini.

Jioni msimamizi aliutia kwenye mfuko pamoja na mkate, akaupeleka kwa dada yake. Ikawa ndiyo kawaida. Dada aliuosha kwenye karai, akazisugua kucha, akaupaka mafuta. Mumewe aliupokea mapajani, akauuliza, "Leo wamekuchosha?"

Kisha humgeukia msimamizi. "Shemeji, karibu mezani."

"Nimeshiba," msimamizi husema, na tumbo linanguruma. Chakula cha nyumba ile hakikuwa kikimshuka.

Siku moja wafanyakazi walikuta karibu waya zote za breki zimefunguliwa. Mkono ulikuwa juu ya mashine ya mwisho, unahangaika na fundo, kidole kinavuja damu. Mwenye kampuni akapiga simu: Jumamosi kuna harusi, uwanja ukatwe leo leo.

"Zifunge. Au nitafute anayejua kufunga?"

Msimamizi alichukua koleo, akazifunga moja moja. Mkono ulikaa kando, kiganja juu.

Jioni hiyo dada aliuliza bila kuinua macho, "Kaka, hivi ile breki ilishindwaje?"

Mumewe akaacha kutafuna.

"Mashine, mdogo wangu," msimamizi akasema. "Mashine hazina udugu."

"Kweli," dada akasema. "Tumshukuru Mungu tu, wewe ulikuwepo."

Msimamizi akaaga. Mkono ukatoka kwenye karai, bado una povu, ukamfuata hadi mlangoni, ukampa mkono. Ulikuwa na joto. Akatamani umbane.

Haukumbana.