Mkono Usiinuke

Wifi yangu ana mdomo. Wiki zote hizi nilizolala chumba cha mahututi, mashine ikinipumulia kupitia bomba la shingoni, amekuwa akikaa kando ya kitanda na kunichokoza. "Wifi, leo nakusengenya mbele yako, utanifanya nini?" Bomba limeninyima sauti, na yeye anajua. Namkodolea macho tu, naye anacheka.

Nimonia iliyonileta hapa ilishapona. Kifua ndicho kilichozoea kubebwa. Kila asubuhi muuguzi ananitoa kwenye mashine, ananiwekea kifuniko cha oksijeni mbele ya bomba, nipumue mwenyewe. Nikielemewa nainua mkono, ananirudisha. Juzi na jana niliuinua mapema mno, nikajichukia.

Leo daktari hakuzunguka mbuyu. "Mama, ukihimili bila mashine mpaka nimalize kupitia wagonjwa, kesho tunasonga mbele. Ukishindwa tena, tutasitisha kwanza majaribio haya, kisha tutaona."

Hiyo "tutaona" niliielewa vizuri. Jirani yangu wa dirishani aliambiwa hivyohivyo, na mpaka leo yuko na mashine yake. Mimi nataka kurudi nyumbani nikagombane na watu kwa sauti yangu.

Muuguzi alipochomoa mpira wa mashine, nilikuwa nimekaa nimeegemea mito. Nikauingiza mkono wa kulia chini ya paja, nikaukalia.

"Mama, huo mkono vipi?"

Nikamkonyeza. Akatabasamu, akaenda kwa jirani, lakini jicho lake likabaki kwangu.

Mwanzo ulikuwa mwepesi. Kisha hewa ikawa nzito, kifua kikafanya kazi kama mtu anayesukuma kabati peke yake. Kijasho chembamba kikanitoka. Nikajikaza kisabuni: vuta, toa, usikimbilie. Mkono ulitaka kutoka, nikaukandamiza. Niliogopa, sitasema uongo, ila hiyo "tutaona" niliiogopa zaidi.

Wifi alikuwa amenyamaza, na kunyamaza kwake ni habari kubwa. Macho yamemganda kifuani kwangu. Ghafla akasimama, akainua mkono wake kumwita muuguzi.

Nikachomoa wangu, nikamdaka. Sikujua kama bado nina nguvu hizo.

"Niachie, wifi." Alikuwa analia. "Kaka yangu alianza hivihivi. Nilikaa namwangalia tu, sikuita mtu."

Kaka yake ndiye marehemu mume wangu. Miaka yote hii hajawahi kunieleza saa yake ya mwisho. Nikimgusia, anatia utani. Nilimhurumia sana, lakini mkono sikuuachia. Nikachezesha midomo polepole, bila sauti, asikose hata neno.

"Mimi si yeye. Kaa chini."

Akakaa.

Muuguzi alikuwa ameshafika miguuni pa kitanda. Akaisoma skrini, akanitazama usoni, akakitazama kifua changu. "Anachoka, dada, lakini yuko salama. Mwache afanye kazi."

Tukabaki hivyo, mimi nimemshika yeye, nikivuta na kutoa, mpaka daktari akarudi kutoka mwisho wa wodi. Aliitazama mashine iliyozimwa, akanitazama mimi. "Kesho tunaongeza muda," akasema.

Wifi akajifuta pua kwa kiganja. Nilingoja mzaha wake, haukuja.

"Ukipata sauti, wifi," akasema, "uniulize siku ile ilikuwaje. Nitakuambia."