Wamboi Wawili Ndani ya GPS

Githae alikuwa mtu wa kupenda usafi, na usafi wake nusura utuaibishe. Katika ofisi yetu ya Ruiru, meza yake ilikuwa tupu kama ya mtu aliyefutwa kazi jana. Ukimwachia kikombe cha chai ukaenda kujibu simu, ukirudi unakikuta kimeoshwa na kuanikwa, na chai yako imemwagwa. Kwa hiyo mradi wetu wa maji uliponunua GPS mbili, mwaka wa tisini na nane, hakuna aliyeuliza ni nani atakayetunza yaliyomo ndani yake.

GPS za siku hizo zilikuwa nzito, na kioo chake cha kijivu ulikisoma kwa shida juani. Unasimama shambani, unangoja ikamate setilaiti, unabonyeza, na mahali pale panahifadhiwa kama pointi, kwa jina la herufi sita na si zaidi. Kesho yake mtu ambaye hajawahi kukanyaga huko anafuata mshale mpaka afike. Afike au akaribie, kwa sababu mashine zile zilikuwa zikikosea hata mita mia. Ndiyo maana wapimaji wetu wa maji ya ardhini walikuwa wakiacha pia jiwe lililopakwa rangi nyeupe. GPS ikufikishe shambani, halafu jiwe likuonyeshe pa kuchimba.

Wapimaji walikuwa wawili. Muthoka alipima upande wa Gatuanyaga na Omondi akapima upande wa Ngoliba, kila mmoja na GPS yake, na kila pointi waliipa jina la mwenye shamba. Walipomaliza waliacha faili zao katika kompyuta ya Githae, wakaenda Kitui kwenye kazi nyingine. Katika ripoti yao yote, mimi niliyekuwa nikisimamia mradi nilitaka kujua jambo moja tu, nalo lilikuwepo: maji mengi yako kwa Wamboi. Wafadhili walikuwa wametupa kisima kimoja. Kikitoka kikavu, mashine ya kuchimba inarudi Nairobi, na sisi tunabaki kuwaangalia watu machoni.

Wamboi huyo wa Gatuanyaga nilimjua, tulimwita Mama Shiko. Mvua za El Niño zilikuwa zimechanganya vyoo na mito vikawa kitu kimoja, na Shiko wake, mtoto ambaye hajaanza hata shule, akalazwa Thika na kipindupindu mpaka ndugu wakaanza kunong'ona mambo ya mazishi. Mtoto akapona. Tangu siku hiyo mama yake alichemsha kila tone lililoingia nyumbani, na kuni huko ni adimu kama maziwa ya kuku. Tulipomwambia kwamba kisima cha kijiji kitachimbwa shambani kwake, alikata mahindi yake yaliyokaribia kuchomwa ili lori la mashine lipate njia. Hatukumwomba afanye hivyo. Tulikuta ameshafanya.

Asubuhi ya kuchimba, Githae alimpa GPS Philip, mkubwa wa wachimbaji, pale langoni. "Fuata mshale tu, boss," nilimsikia akimwambia, kwa sauti ya mtu aliyeitengeneza setilaiti mwenyewe. Lori likanguruma likaenda. Mimi nikajimiminia chai na kuishika mkononi, isije ikaoshwa.

Jua lilikuwa halijafika utosini mlango ulipofunguka akaingia Mama Shiko, ana matope mpaka magotini.

"Madam Leila, habari ya kazi?"

"Nzuri, Mama Shiko. Mbona umewaacha wachimbaji peke yao?"

"Wachimbaji gani?"

"Si mashine iko kwako?"

"Kwangu kuko na kuku na mahindi yenye nilikata. Nimengoja tangu asubuhi, nikaomba lift kwa lori ya maziwa. Nimekuja tu kuuliza kama mmenikataa."

Hakupandisha sauti. Angenitukana ningejua pa kujishikia, lakini alisimama pale akingoja jibu kama mtu aliyezoea kukataliwa.

"Githae," nikasema, "nionyeshe Wamboi kwa hiyo kompyuta."

Akaonyesha. Nikamwambia anisomee namba za pointi, nikazifuata kwa kidole kwenye ramani ya ukutani. Kidole kikapita Gatuanyaga, kikaenda kutua Ngoliba.

"Hii ni ya Omondi. Ya Muthoka iko wapi?"

Githae akakuna shingo. "Nilikuwa naweka faili zote mbili kwa GPS moja, ndio Philip asichanganyikiwe. Nikaweka ya Muthoka. Kuweka ya Omondi, ikaniuliza kama Wamboi mpya akae juu ya yule wa kwanza. Nikaona huyu mama amepimwa mara mbili. Nikasafisha."

"Ukasafisha."

"Majina mbili sawa kwa list moja ni uchafu, Madam."

"Babu yako, baba ya baba yako, anaitwa nani?"

"Githae."

"Na kijana wa kwanza wa baba yako mdogo?"

Akaniangalia, akaona ninakoelekea, akainamisha kichwa. "Githae."

"Sasa tufute nani kati yenu?"

Mimi ni mtoto wa Majengo, Thika, binti wa Kiislamu, lakini hata mimi najua kwamba kwa Wakikuyu jina halizikwi. Mtoto anapewa la babu au la nyanya, na nyanya mmoja anaweza kuacha wajukuu watano wanaoitika pamoja akiitwa mmoja. Mkikuyu mzima wa Githunguri alikuwa amelisahau hilo kwa sababu ya kupenda orodha safi.

"Huyo wa Ngoliba ni cousin yangu," Mama Shiko akasema taratibu. "Mama zetu ni dada. Sisi wote tulipewa jina ya cucu, nyanya yetu."

Niliendesha pikapu mwenyewe. Mama Shiko alikaa kando yangu na mikono mapajani, na Githae nilimweka nyuma akapigwe na matope, kwani usafi wake ulihitaji mapumziko. Nilisoma kila dua niliyofundishwa madrasa. Mashine ikishatoboa ndiyo basi, kisima chetu kimoja ni kile, na Omondi mwenyewe alikuwa ameandika kwamba pale Ngoliba hakuna matumaini. Kilichonitesa zaidi ni kwamba Philip hangeshuku kitu. Angefika kwa Wamboi, angeliona jiwe jeupe la Omondi, angechimba.

Tulipokaribia nilizima injini nisikilize. Kimya. Nikajua wamemaliza. Nilishuka, nikazunguka boma, nikawaona.

Lori lilikuwa limezama katika udongo mweusi mpaka kwenye ekseli, katikati ya kabichi. Jiwe jeupe lilikuwa pale juu kidogo, safi kabisa, halijaguswa. Philip alikuwa amekaa juu ya beseni lililopinduliwa, anakula githeri ya mahindi na maharagwe kwa hasira.

"Usianze kuniuliza, Madam," akasema. "Tumekwama tangu tufike. Trekta imeitwa, haikuji. Hata inchi moja hatujachimba. Pole sana."

"Hata inchi moja?"

"Nimesema pole."

Nilicheka mpaka nikashika mlango wa lori nisianguke, na katikati ya kucheka nikagundua kwamba ninalia. Mzigo wote niliokuja nao kutoka Ruiru ulishuka kifuani kwa mara moja. Nilitamani kumkumbatia mtu yule. Kwa kuwa haifai, nilichukua mwiko nikamwongezea githeri, naye akanitazama kama mwenda wazimu.

Githeri hiyo ilipikwa na Wamboi wa Ngoliba. Alikuwa mkubwa kuliko Mama Shiko, na alikuwa amevaa rinda la kanisani siku ya kazi, kwa sababu mashine ya maji ilikuwa imekuja kwake. Furaha yangu ikaniaibisha. Mama Shiko alimshika mkono, wakaenda nyuma ya ghala, wakaongea Kikuyu kwa muda mrefu. Mimi na Githae tulitazama matope.

Wamboi wa Ngoliba alirudi amejifunga shuka begani. "Mkitoa hiyo lori kwa kabichi zangu, mimi nitapanda," akasema. "Nataka kuona mahali cucu amepata maji." Kwao, aliyebeba jina la cucu ni cucu.

Trekta ilikuja jioni. Kesho yake Philip alichimba Gatuanyaga, kwenye jiwe la Muthoka, katikati ya mahindi yaliyokatwa, na maji yakaja. Mwanzo yalikuwa tope, halafu maziwa, halafu maji. Wanawake wakaanza kuimba.

Siku pampu ilipofungwa, na maji yameshapimwa, Mama Shiko alijaza kikombe cha kwanza akampa binamu yake. Cha pili akampa Shiko. Mtoto alikishika, akamtazama mama yake, akauliza kama si mpaka yachemshwe kwanza.

"Kunywa," mama yake akasema, kisha akageuka upande asionekane uso.

Githae alikuwa pembeni na GPS, anaweka pointi ya kisima. Akaandika WAMBOI. Mashine ikauliza kama huyu akae juu ya yule aliyekuwemo, na nikaona kidole chake kikisimama hewani. Akamtazama Wamboi wa Ngoliba, aliyekuwa bado ameshika kikombe kitupu, akabonyeza hapana. Huyo wa Ngoliba alikuwa bado anangoja zamu yake ya kisima.