Maziwa ya Mlimani

Narmandakh alitoa trei kwenye joko la kukaushia, akakuta unga wa mawe umelowa tena. Ulikuwa umekaa mle tangu jana kwenye joto la kuchemsha maji. Akainamisha trei, maziwa yakachuruzika kwenye kopo la kioo.

"Maziwa tena?" aliuliza Gombo, mwenzake wa maabara aliyekuwa kwenye mizani, bila kugeuka.

"Tena."

"Yaandike kwenye safu ya unyevu. Yakibaki usimwage, dada. Chai yangu leo imekuwa nyeusi kama grisi."

Sampuli za mawe hufika maabara zikiwa na namba tu, ili mpimaji asijue zimetoka mlima gani. Narmandakh alinusa kopo akajua. Yalikuwa ya mbuzi wa mama yake, wanaokula vitunguu mwitu upande ule wa jangwa la Gobi. Kila alfajiri mama yake, Dulmaa, hutoka hemani na kijiko cha mbao na kuurushia mlima maziwa ya kwanza, ili bintiye asidhurike huko aliko.

Unga uliyeyushwa tanurini, na mwisho ikabaki chembe ya dhahabu, nono kama punje ya ulezi. Angeweza kuandika kwamba hakuna kitu, mlima ukaachwa. Lakini katika kila kundi la sampuli, kampuni ya madini huchanganya jiwe moja lililokwisha kupimwa kwingine, kumnasa mwongo, na mpimaji haambiwi ni lipi. Akakaa muda mrefu mbele ya kompyuta. Kisha akaandika alichokiona.

"Dhahabu ipo?" aliuliza bosi Tsogt.

"Ipo, bosi. Na maziwa."

"Maziwa tutayatoa kwenye uzito."

Kabla theluji haijaanza, mama yake alihamishiwa mjini, ghorofa ya nne. Mbuzi waliuzwa. Mlima ukapigwa baruti, malori yakaushusha kidogo kidogo, barabara ikabaki na michirizi myeupe iliyorambwa na mbwa.

Kila jioni Narmandakh alimletea mama yake chupa ya maziwa yaliyotoka kwenye sampuli za siku hiyo. Mama alionja kwa ncha ya kidole.

"Haya ni ya mwaka ule ulipokwenda chuo. Nililia mpaka mbuzi wakanishangaa."

Shimo lilipozidi kwenda chini, akaonja tena. "Haya ni ya surua yako. Siku ile nilirusha ndoo nzima, baba yako akanuna."

"Kunywa basi, mama."

"Nilishayatoa kwa mlima, mwanangu."

Majira ya kuchipua yalipofika, mlima ulikuwa umekwisha, wakawa wanachimba chini ya ulipokuwa umesimama. Jioni moja mama alionja, akaifunika chupa kwa kiganja.

"Haya si yangu. Ni ya bibi yako. Hapa alikuwa ananiombea mimi."

"Yarudishe," mama akasema.

Narmandakh akaichukua chupa, ingali na uvuguvugu. Akavaa koti, akashuka ngazi hadi barabarani, akasimama pale, asijue ayapeleke wapi.