Povu Kwenye Boila

"Ilete hapa, Witness. Sasa hivi."

"Siileti, mama. Imebaki mizunguko minane."

"Nimesema ilete."

"Kama una hamu ya kuzima boila, kazime ile ya hotelini kwako. Hii ni yangu."

Watu waliojipanga ukingoni mwa bwawa la shamba la kahawa, kule Oldeani, wakacheka. Dorkasi hakucheka. Alikuwa na stashahada ya ufundi mitambo, na kwa miaka kumi na sita alikuwa akitunza boila ya hoteli ya watalii mjini Karatu. Hakuzoea kujibiwa mambo ya moto na maji na mtu ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kushika spana.

Kwenye maji, meli ndogo ya mvuke, ndefu kama mkono wa mtu mzima, ilikuwa ikilizunguka boya. Witness aliiongoza kwa rimoti. Mzee Sylvesta, mwamuzi kutoka chuoni Arusha, alikuwa ameweka sharti moja: mizunguko ishirini, boila ijijazie maji yenyewe, na atakayeirudisha meli ukingoni kabla ya hapo ametoka. Washindani wenzake Witness watatu walishatoka. Nafasi ya mafunzo chuoni waliyoishindania ilikuwa moja tu.

Ndani ya boila Witness alikuwa ameweka sindano ya shaba. Maji yakishuka yakaiacha, pampu ya betri inasukuma mengine kutoka kwenye tangi na taa nyekundu inawaka juu ya sitaha. Maji yakiigusa sindano, pampu inazima.

"Taa haijawaka tangu mzunguko wa saba," alisema Dorkasi.

"Basi maji yapo. Yangekuwa hayapo ingewaka. Tumeijaribu jikoni mara ngapi?"

"Jikoni tulitumia maji ya mvua. Haya yanayotoka bombani hayafanani nayo."

"Na leo pia. Si umenijazia wewe?"

Dorkasi akaikazia macho meli. Bomba la meli lilikuwa linatema matone meupe mazito kama maji ya sabuni, na hapo vidole vyake vikakumbuka. Asubuhi, katika haraka za kutoka, alichukua dumu la njano kando ya jiko akamimina tangini. Maji yale yaliifanya mikono iteleze. Akaifuta kwenye kitenge, akaendelea. Lile lilikuwa dumu la maji ya magadi, ya kulainishia mahindi ya makande.

Na wiki nzima ni yeye aliyekuwa akipiga kelele ndani ya nyumba: maji ya mvua tu, Witness, usiniletee uchafu kwenye boila.

Magadi yakichemka yanaumuka povu. Sindano haijui povu wala maji; ikiguswa, inaamini boila imejaa. Chini ya povu lile shaba ya boila ilikuwa inakauka huku moto wa gesi ukiiwakia, na boila kavu hupasuka. Wanafunzi waliokuja kutazama walikuwa wamekaa ukingoni miguu majini, na kila mzunguko meli ilipita hatua tatu tu kutoka kwao.

"Mzee Sylvesta," alisema Dorkasi kwa sauti ya kusikika na wote, "mtambo wa binti yangu hauna kasoro. Nimemwekea maji ya magadi. Nimekosea mimi."

Safari hii hakuna aliyecheka. Witness aligeuka.

"Unasema kweli, au unataka tu nitoke?"

"Ningetaka utoke nisingejiaibisha mbele ya Oldeani nzima. Chini ya lile povu hakuna maji, mwanangu."

Meli ikapita. Mzunguko wa kumi na nne, na taa bado imezima. Witness alimtazama mwamuzi. Mzee Sylvesta alishika kalamu juu ya karatasi yake, tayari kuandika.

"Hebu tokeni hapo majini," Witness aliwaambia wanafunzi. "Rudini nyuma kabisa, mpaka kwenye mibuni."

Akapinda usukani kwa rimoti. Meli ikaliacha boya, ikaja moja kwa moja ukingoni na kugonga tope. Dorkasi alitangulia kupiga magoti.

"Sogea, mama. Ni yangu." Witness akafunga gesi. Moto ukakatika.

"Pampu," Dorkasi alisema. "Povu likishuka itasukuma maji baridi kwenye shaba ya moto, ilipuke."

Witness alikuwa ameshaushika waya wa betri. Akaung'oa.